Visanduku Vitatu Juu ya Kaunta



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya kina mama ya Jumamosi, alinisubiri mlangoni mama mmoja ambaye wanawe watatu wanasoma kwetu madrasa. Nilidhani amekuja kuniuliza habari za hifdhi ya mkubwa wao, ambaye siku hizi mchezo wa mpira umemzidi. Haikuwa hivyo.

"Maalim, niwie radhi," akaniambia, "swali langu leo si la dini. Fundi amenambia brekipadi za gari zimekwisha, akanipangia visanduku vitatu juu ya kaunta. Kimoja shilingi 1,200, cha pili 3,200, cha tatu 7,500. Vyote, asema, ni vya gari langu. Hicho cha 7,500 ndicho aitacho jenuini. Nichukue kipi?"

Nilimjibu kuwa swali lake lina dini ndani yake, atake asitake, kwa kuwa gari hilo ndilo linalowachukua mayatima watatu kila asubuhi kuwapeleka skuli na kila alasiri kuwaleta kwetu. Mumewe alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Kwa mtu kama yeye, baina ya 1,200 na 7,500 kuna soko la wiki nzima na karo inayodaiwa. Basi si haki kumwambia tu, "Nunua cha ghali, uhai hauna bei," kisha mtu akenda zake. Maneno hayo ni mepesi kwa asiyelipa.

Nilimwomba anipe siku mbili. Nimeona jibu nililompa huenda likawafaa na wengine, maana siku hizi kina mama wengi ndio washikao usukani, na wengi wamenilalamikia kwamba wakifika gereji huzungumzishwa kama watoto.

Tuanze na kazi yenyewe ya breki. Mtu anapokanyaga, mafuta yaliyomo ndani ya mirija husukuma pistoni, pistoni hukaza kile chombo kiitwacho kalipa, nacho huibana diski ya chuma izungukayo na gurudumu, kwa vipande viwili vya brekipadi, kimoja ndani na kimoja nje. Mwendo wote wa gari hugeuka kuwa joto. Gari lenye watu saba na mizigo yao, nguvu yake nyingi hukabidhiwa vipande vinne vya magurudumu ya mbele, kila kimoja mfano wa kiganja cha mtu. Na kasi ikizidi mara mbili, joto la kumezwa huwa mara nne. Ndiyo sababu breki isiyo na lawama katika foleni ya Mwembe Tayari yaweza ikakuhini kwenye mteremko mrefu.

Kile kisuguacho diski si chuma kitupu. Ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini, grafiti, chembe za chuma, na gundi maalumu inayovishikanisha vyote, ukashindiliwa na kuokwa juu ya bati. Siri yote imo katika vipimo na katika moto. Halua mbili zaweza kufanana sahanini kwa rangi na mng'aro. Iliyoepuliwa kabla ya wakati wake hujulikana inapofika kinywani. Brekipadi nayo, ole wetu, hujulikana inapofika kilimani.

(Husimuliwa kwamba Mwingereza Herbert Frood, aliyeanzisha kazi hii mwaka 1897, aliwaona wenye mikokoteni katika vilima vya kwao wakizuia magurudumu kwa viatu vikuukuu, akafikiri kwamba kuna njia bora. Kampuni yake ikaitwa Ferodo, herufi za jina lake zikiwa zimepangwa upya na kuongezwa moja. Mpaka leo jina hilo limo madukani mwetu.)

Sasa niwape kisa changu, nami sikisimulii kwa fahari. Miaka saba iliyopita tulialikwa harusi Wundanyi. Kabla ya safari nilibadilisha brekipadi za mbele. Nilizinunua katika duka ambalo sitalitaja, katika kisanduku kizuri chenye jina la kampuni kubwa ya Japani, kwa nusu ya bei niliyotajiwa kwa wakala wa kampuni hiyo. Nilijihisi mjanja. Wakati wa kurudi, katika kushuka kuelekea Mwatate, barabara ile ijipindayo kama nyoka, ndani ya gari nina mke wangu, binti zetu wawili na mama mkwe wangu, tukaanza kunusa harufu ya kitu kilichoungua. Kona iliyofuata nilikanyaga breki, kikanyagio kikawa kigumu kama jiwe, na gari haliitiki. Nilikanyaga kwa miguu miwili. Mama mkwe wangu akaanza kuleta shahada.

Nilishusha gia hadi 2, kisha hadi L, injini ikapiga kelele, mwendo ukapungua, nikalisukumia gari upande wa mlima hata likasimama. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa magurudumu yapoe, wala hapana aliyesema neno. Nilipofika Mombasa fundi alizitoa zile brekipadi. Mkate wake ulikuwa umepasuka, na upande mmoja umeanza kubanduka kutoka katika bati. Hazikuwa zimetimiza mwezi. Mwenye duka alinitazama kwa upole, akanambia, "Na sisi tuliuziwa vivyo hivyo, Shekhe."

Nimelikariri mara nyingi jibu lile. Tumepokea kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta umaji ndani, na mwenye mali alipojitetea kwa mvua, akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu waione. Muuza nafaka yule mali yake ililoana tu, wala haikuweza kumtia mtu korongoni.

Ila naomba tusikosee mahali pa kuiweka lawama. Niliponunua zile brekipadi sikuponzwa na kununua kitu kisicho cha asili. Niliponzwa na kununua kitu kisicho cha asili kilichovaa nguo za asili. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na watu wengi huyachanganya.

Watu husema "jenuini" na "ya kawaida" kana kwamba zipo aina mbili basi. Kwanza kuna vipuri vilivyomo katika kisanduku chenye jina la kampuni iliyotengeneza gari. Lakini kampuni za magari aghalabu hazitengenezi brekipadi zenyewe. Huziagiza kwa mafundi wa kazi hiyo, kama Akebono na Advics kule Japani. Hao nao huuza kazi ya mikono yao katika visanduku vyao wenyewe, kwa bei ya chini, kwa sababu hulipii jina la gari. Hiyo ni aina ya pili, na kwangu mimi ndiyo yenye baraka zaidi kwa mwenye kipato cha wastani. Ya tatu ni kampuni zenye sifa, kama hiyo Ferodo, Bosch au Brembo, ambazo huunda vipuri vya kuingia katika magari ya kila namna. Wengine wana mchanganyiko bora kuliko uliokuja na gari, wengine umepungua kidogo, lakini wote wana jina la kulinda na hufanyiwa majaribio. Ya nne ni visanduku visivyo na nasaba: jina hujalisikia, anwani hakuna, kwa bei ya sahani mbili tatu za biriani. Ya tano ni bandia, na hiyo huweza kuvaa sura ya yoyote kati ya tatu za mwanzo.

Ziko pia zile za kuvuliwa katika magari makuukuu ya ng'ambo, ziitwazo eksi-Japani. Kwa mlango, taa au hata injini, sina neno. Nusu ya magari ya Mombasa yanaishi kwa hizo. Kwa brekipadi, hasha. Kitu kiundwacho ili kilike, utakinunuaje kikiwa kimeshaliwa, tena hujui kilichomwa na joto gani?

Kuna alama za kutazama. Ulaya ina kanuni, ijulikanayo kwa nambari 90, iliyowekwa chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa bara hilo. Hiyo huwataka watengenezaji wa brekipadi za badala waonyeshe kwamba nguvu zake hazipishani na za asili kwa zaidi ya asilimia 15. Iliyofaulu hupigwa chapa ya herufi E ndani ya duara, pamoja na nambari ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 11 ni Uingereza. Tazama kwenye bati lenyewe, si kwenye kisanduku peke yake. Nyingine huandikwa pembeni herufi mbili, kama FF au GG: ya kwanza hueleza ushikaji wake ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imeshika moto. E hushika kidogo kuliko F, na F kuliko G. Ukiona ya kwanza iko juu na ya pili imeshuka, ujue hiyo ni rafiki wa barabara tambarare.

Mwenye Toyota, nao ndio wengi wetu, ana msaada mwingine. Nambari za vipuri vya kampuni hiyo zina mpangilio. Brekipadi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na viatu vya breki, vile vya ndani ya dramu, 04495. Tarakimu zinazofuata hutofautiana kwa kila gari, nazo hutafutwa kwa nambari ya chesisi, si kwa kusema tu "ni Noah" au "ni Fielder". Iandike nambari ya chesisi katika simu yako leo.

Alama zote hizi huigizwa. Aigizaye jina hashindwi na duara. Kwa hivyo kinachobaki ni kumjua muuzaji: duka lenye mahali, lenye kutoa risiti iliyoandikwa jina la kampuni na nambari ya kipuri, na lililo tayari kukipokea kitu kikirejeshwa. Anayekataa kuandika katika risiti kile alichokitamka kwa ulimi wake amekwisha kukujibu. Na risiti hiyo ndiyo utakayoshika ukitaka kushtaki kwa ile Mamlaka ya serikali ya kupambana na bidhaa bandia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mimi sikuwa na risiti. Nilikuwa na ujanja.

Nisisahau mambo ya fundi. Unapompa fundi pesa akakununulie kipuri, huyo ni wakili wako, na wakala una hukumu zake. Punguzo alilolipata dukani ni haki yako, isipokuwa mmepatana vingine. Na ukimwagiza cha 3,200 akakufungia cha 1,200, hiyo ni khiyana, iwe gari limesimama salama au halikusimama. Hata hivyo, nasi tujihukumu. Tunamlipa fundi ujira mdogo kuliko wa anayetusuka ukili, tunamcheleweshea, tunamwomba "afikirie", kisha tunashangaa anapoutafuta ujira wake ndani ya kisanduku. Mpe haki yake waziwazi, kisha umdai amana.

Basi Jumatatu tulikwenda gereji, mimi na mke wangu, pamoja na yule mama. Fundi ni kijana, mikono yake imekomaa kuliko uso wake. Visanduku vilikuwa vingali palepale.

Cha 1,200 nilikirejesha bila kukifungua. Hakikuwa na jina wala nchi, na hata bati lilionekana ukingoni limekatwa ovyo. Cha 3,200 kilikuwa cha kampuni ya aina ile ya pili. Nambari kwenye bati inalingana na ya kisandukuni, alama zinasomeka, na duka lililokiuza liko hatua chache kutoka hapo. Kisha nikakishika cha 7,500. Kilikuwa kizuri, chekundu na cheupe, na kibandiko kinachong'aa. Nikavaa miwani. Nambari yake ilianza na 04495.

"Mwanangu," nikamwuliza, "gari hili nyuma lina dramu?"

"Naam, Shekhe."

"Na viatu vya breki vimo humu?"

Alikifungua. Zilikuwamo brekipadi za mbele. Aliyechapisha kisanduku kile alinakili cha viatu vya breki, hakujua tofauti, akatia humo alichokuwa nacho. Kijana aliduwaa, akakigeuza huku na huku. "Wallahi, Shekhe, mimi huletewa na mtu wa pikipiki." Nilimwamini, na bado namwamini, ila nilimwambia kwamba kuanzia siku hiyo hana tena udhuru wa kutojua.

Tukachukua cha 3,200. Yule mama alikuwa amekwisha kujipiga moyo konde kutoa 7,500, hata amekopa kwa dada yake, basi nikamshauri sehemu ya tofauti ile aitumie palepale kwa mambo ambayo hapa pwani yanatuponza kuliko brekipadi zenyewe.

La kwanza ni mafuta ya breki. Mafuta haya huvuta maji kutoka hewani, na hewa yetu mnaijua. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230; ikishavuta maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hausukumi pistoni: kikanyagio huwa laini na kuzama hadi chini. Ukisikia ugumu kama ule wangu wa Wundanyi, joto limezishinda brekipadi. Ukisikia ulaini, shuku mafuta. Yabadilishwe kila miaka miwili, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Yale ya mama huyu yalikuwa meusi kama kahawa tungu, na hapana aliyekumbuka yaliwekwa lini.

La pili ni chumvi ya bahari. Kalipa huteleza juu ya pini mbili, nazo zikipata kutu hukwama, kalipa isiende wala isirudi. Zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huzifura mpira zake. Diski nayo ipimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechongwa juu yake, baada ya herufi MIN TH. Ikiwa imeshafika hapo, kuichonga tena ili ing'are ni kuikaribisha ipasuke.

Yapo na mambo ya kukumbuka baada ya kufungiwa mpya. Kabla gari halijaondoka, kanyaga breki mara kadhaa hadi kikanyagio kisimame, maana pistoni zilisukumwa nyuma na mara ya kwanza hutapata kitu. Siku za mwanzo usilifunge ghafla ila kwa dharura. Punguza kutoka 50 hadi 10 kwa upole, mara nyingi, brekipadi na diski zipate kuzoeana. Na siku zote magurudumu mawili ya upande wa mbele hubadilishwa pamoja, au mawili ya nyuma pamoja. Akikwambia abadilishe moja tu ili kukupunguzia gharama, mshukuru, na ukatae.

Mtu ataniuliza: je, mwenye uwezo asinunue ya asili? Anunue, kwa wakala mwenyewe au kwa duka linaloaminika, na ikiwa ni gari la kubebea watoto wa watu au lipandalo Taita kila wiki, namhimiza. Nisichomshauri mtu yeyote ni kununua "ya asili" kwa nusu ya bei. Kati ya ya asili ya bei rahisi na ya badala iliyotajwa kwa jina lake, chukua iliyokiri nasaba yake.

Fundi alipolivua gurudumu la kushoto, mkubwa wa watoto, yule wa mpira, alichutama kando yake kutazama. Brekipadi ya nje ilikuwa imebaki nusu ya unene wake. Ya ndani ilikuwa bati tupu, imekwisha kuikwaruza diski mistari. Fundi akaishika pini ya chini, akaizungusha, haikutikisika. Ilimchukua robo saa ya nyundo na mafuta kuing'oa. Mama yake mtoto aliuliza limekuwa hivyo kwa muda gani. Kijana akafuta mikono, akasema hawezi kujua, pengine tangu masika.

Alilipwa 1,500 ya kazi yake, na 7,500 ile haikuisha. Mtoto aliomba apewe lile bati, akaja nalo madrasa Jumanne akiwaonyesha wenzake, mpaka nikalichukua. Liko hapa mezani kwangu ninapoandika.